Picha ya Mjusi

Aliyeibuni picha ya mjusi ni Stendi, na siku anaibuni alikuwa anatafuta kicheko tu. Hakujua kwamba kuna watu ukiwatupia utani wanaudaka, wanaukunja vizuri na kuutia kwenye daftari.

Mtu mwenyewe alikuwa Mtaalamu. Jina hilo alijipa mwaka wa kwanza, wenzake wakalipokea kwa kejeli, naye hiyo kejeli hajaisikia mpaka leo. Alivaa skafu ya sufu kwenye joto la kuyeyusha mishumaa, na akitaka kukutazama hakutazami hivihivi kama mtu. Anaunda dirisha kwa vidole vyake, anafumba jicho moja, anakutazama humo. Hata ukimuuliza choo kiko wapi. Mwaka huu wa mwisho alikuwa mwongozaji wa kundi la watu watatu: yeye, Bubu na Stendi.

Bubu alikuwa fundi wa sauti. Kutwa anasikiliza wengine kwa hedifoni zake kubwa, na mwenyewe anatoa maneno mawili kwa siku, akizidisha ni matatu. Stendi alikuwa binti, mshika kamera na mhariri. Jina lake lilitokana na mwaka wa kwanza, wavulana wa darasa walipombebesha ile stendi ya kamera yenye miguu mitatu kwa miezi kumi, kamera yenyewe wakawa hawamgusishi. Bega la kulia lilishuka kidogo, lakini macho yalipata nafasi ya kutosha ya kuona watu wazima wanavyoharibu filamu.

Mtihani ulikuwa filamu ya dakika tisa, na kilichopimwa kilikuwa kimoja: umechagua picha gani, na kwa nini. Filamu ikikataliwa, kundi zima linarudia mwaka. Ikikubaliwa, kila mtu anapewa maksi kwa picha alizochagua yeye. Sasa Stendi alikuwa ameshawahi kurudia, na kanuni ya chuo ilikuwa fupi: mara ya kwanza unavumiliwa, mara ya pili unaaga.

Mama yake, msusi, hakumgombeza aliporudia. Afadhali angegomba. Alichofanya ni kununua kiti cha pili cha saluni.

"Kiti kimefika, mwanangu," alimwambia kwenye simu, kwa sauti ya kubembeleza mgonjwa. "Chekundu. Kinazunguka."

"Mama, mimi bado nasoma."

"Najua. Soma tu. Nimekifunika na nailoni kisishike vumbi."

Tangu siku hiyo kila simu ilimalizika na habari za kiti. Stendi akawa anakiota: yeye amesimama nyuma yake na kitana, kitini amekaa Mtaalamu, anamwambia akate nywele kutoka pembe isiyo ya kawaida.

Hadithi ya filamu, kusema kweli, haikuwa mbaya. Kijana amefukuzwa chuo miezi mingi, nyumbani hawajui. Anarudi, anasimama mbele ya mama yake aliyekaa kwenye kochi, anasema, "Mama, nimefaulu." Mama ameshapata barua ya chuo. Kwenye karatasi iliandikwa hivi: *Mama anamtazama. Anajua.* Basi. Hasemi kitu.

Mwalimu wa kamera, aliyeitwa Mwalimu Kata kwa sababu hata salamu ikiwa ndefu alisema "Kata!", aliisoma akiwa amesimama mlangoni. Akaweka kidole kwenye huo mstari.

"Filamu yenu ni uso wa huyu mama. Mkiukosa uso, msinipotezee umeme."

Akaondoka. Mtaalamu alimsubiri afike mbali.

"Huyu mzee amechoka," alisema, akafungua daftari lake. "Sasa tufanye kazi."

Kwenye daftari kulikuwa na picha thelathini na nane, kila moja na mchoro wake. Picha kutoka ndani ya friji. Picha kutoka ndani ya kiatu. Picha kupitia tundu la kitasa. Picha kutoka chini ya meza, nyuma ya feni, ndani ya ndoo. Stendi alipitisha macho mpaka chini akitafuta picha moja ya mtu anayemtazama mtu mwenzake. Hakuna. Mtu angedhani filamu inahusu panya aliyehamia nyumba mpya.

Hapo ndipo shetani alipomkalia ulimini.

"Nzuri," alisema. "Ila nashangaa hujaweka ya mjusi."

Mtaalamu aliinua kichwa taratibu. "Ya nini?"

"Picha ya mjusi. Si unaijua? Kamera inabandikwa darini, inatazama chini, haitikisiki. Mtazamaji anamwona binadamu kama mjusi anavyomwona. Inaleta ule… ule upweke wa ukweli."

Chini ya meza alimkanyaga Bubu. Bubu alikuwa ameshashika pua, anasukuma kicheko kirudi kilikotoka.

Mtaalamu alifumba macho, akayafumbua. "Aa, hiyo!" alisema. "Naijua. Niliisoma zamani. Nilikuwa naihifadhi." Akageuza ukurasa, akaandika juu kabisa kwa herufi kubwa: MJUSI. Akaipigia mstari mara mbili.

Stendi alipanga kumwambia jioni. Lakini saa tisa alimkuta uani amezungukwa na nusu ya darasa anawaeleza upweke wa ukweli, mikono hewani, na mmoja wao, Mungu ni shahidi, alikuwa anatikisa kichwa kwa uchungu. Nani angekatiza starehe kama hiyo? Akanunua soda, akakaa kwenye ngazi, akasikiliza mpaka mwisho.

*

Jumamosi saa mbili asubuhi walikuwa nyumbani kwa mama mdogo wa Mtaalamu, fundi cherehani, aliyekubali kuigiza kama mama. Sebule ilikuwa ndogo na safi kiasi cha kukutia woga: kochi lenye vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, cherehani dirishani, na kabati la vyombo lenye milango ya vioo, glasi zimepangwa ndani kwa mistari kama wanafunzi wa gwaride.

"Karibuni, wanangu," alisema. "Mpaka saa nane. Saa nane bibi harusi wangu anakuja kupima gauni. Saa nane na dakika moja, kila mtu kwake."

"Mama mdogo, sanaa haina saa," alisema Mtaalamu.

"Mimi ninayo," alisema, akaionyesha ukutani.

Alikuwa ameshika maneno yake yote, na ya Mtaalamu pia, maana Mtaalamu ndiye aliyejipa nafasi ya mtoto. Alisema hakuna mwingine mwenye kina. Mwenye kina alisahau mstari wake wa kwanza mara nne, na mara zote nne mama yake mdogo alimnong'oneza bila kutikisa midomo.

Walianza na friji. Mboga zote zikatolewa zikapangwa sakafuni, rafu zikang'olewa, Stendi akaingizwa mpaka kiunoni na kamera ya chuo. Mama mdogo alisimama na sahani ya limau mkononi akiwatazama.

"Kwenye friji mnamtafuta nani?"

"Ni mtazamo, Mama mdogo. Kijana anaingia jikoni na uongo wake. Friji inamwona. Ni baridi ya dhamiri."

"Na mimi nikiwa kwenye hiyo dhamiri nafanya nini?"

"Wewe huonekani hapo."

"Ahaa. Nilivaa hereni bure."

Ikaja ya kiatu. Ikaja ya kitasa, ambayo ilichukua saa nzima kwa sababu tundu lenyewe lilikuwa na ufunguo uliovunjikia humo enzi za mwenye nyumba aliyepita, na Mtaalamu alitaka uchomolewe kwa kibanio cha nyusi. Ilipofika saa sita na nusu Stendi alikuwa ameshalala sakafuni, ameshapanda juu ya ndoo, ameshaona kila kitu ndani ya nyumba ile isipokuwa uso wa mwigizaji wao mkuu. Na uso ulikuwa pale pale, kochini, na hereni zake, unasubiri.

"Sasa tupige uso," alimwambia Mtaalamu pembeni. "Dakika tano. Namkalisha, naweka stendi mbele yake, unasema mstari wako, anakutazama, basi."

"Uso ni wa tamthilia za mchana, dada. Yeyote mwenye simu anaweza kupiga uso."

"Mwalimu alisema…"

"Mwalimu alisoma lini? Hapo ndipo inakuja ya mjusi."

Alikuwa ameshatoa utepe wa gundi na simu yake.

Stendi alifungua mdomo. Pale pale, angesema: kaka, mjusi hayupo, nilikutania. Maneno yalikuwa yamejaa mdomoni. Lakini mama mdogo alikuwa hatua tatu kutoka hapo, na kumvua mtu nguo mbele ya mzazi wake ni jambo lingine kabisa. Tena ilikuwa saa saba kasoro. Aache apige mjusi wake, alijiambia, halafu mimi napiga uso kwa dakika tano zinazobaki. Akafunga mdomo. Ndivyo wajanja wanavyoumia: si kwa kukosa akili, ni kwa kuisogeza mbele kidogo.

Mtaalamu akapanda kiti, kutoka kiti akapanda kabati la vyombo, akabandika simu darini. Kabati lililia kama kifuniko cha jeneza. Mama mdogo aliacha kujipepea kwa upepeo wake. Kisha Stendi akafukuzwa mpaka ukumbini na kamera yake kubwa, kwa sababu kutoka darini stendi ingeonekana. Kupitia pazia alisikia: "Mama, nimefaulu." Kimya kirefu. Halafu: "Nzuri sana! Nimesikia upweke!"

"Nimemtazama vizuri?" aliuliza mama mdogo.

"Haikuwa lazima, Mama mdogo. Kutoka juu macho hayaonekani."

Saa saba na dakika arobaini. Stendi hakusubiri ruhusa. Akarudi mbio, akasimamisha stendi mbele ya kochi, akaelekeza kamera kwenye uso wa mama mdogo, akasafisha fokasi mpaka ukaonekana wazi. Mtaalamu alikuwa anapanda tena kuchukua simu yake.

"Dakika tano," alisema Stendi.

"Ngoja nishuke," alisema Mtaalamu.

Hakushuka. Skafu, ile skafu, ilizunguka ndoano ya taa. Alipoivuta, mguu ukateleza, kiuno kikakwama kati ya kabati na dari, akabaki amelalia tumbo juu kule, kichwa kimegusa dari, miguu miwili inatafuta ardhi isiyokuwepo. Mlango mmoja wa kioo ukafunguka wenyewe, kwa adabu. Glasi ya kwanza ikatoka. Ya pili ikaifuata. Kisha mlango wenyewe ukang'oka.

"Msijali!" ilisikika sauti kutoka juu, ikirudia na kurudia. "Kila kitu kiko sawa! Niko vizuri, Mama mdogo!"

Stendi, badala ya kukimbilia kusaidia kama binadamu, akabonyeza kitufe cha kurekodi. Alitaka ile miguu. Miguu ile ingewachekesha mpaka uzeeni. Lakini kamera ilikuwa bado imeelekezwa kochini, na kabla hajaigeuza aliona kwenye kioo chake uso wa mama mdogo.

Hakuwa amekasirika. Hasira ingekuwa nafuu, hasira ina moto. Alikuwa amekaa vilevile, mikono mapajani, ameinua macho kumtazama mtoto wa dada yake, na usoni mlikuwa mmepoa kabisa. Alimtazama kama unavyomtazama mtoto anayekuapia kwamba amenawa miguu, na nyayo zake zipo kwenye shuka. Anajua. Na alijua zamani. Na bado alikuwa na upendo kidogo, mahali fulani karibu na mdomo, na upendo huo ndio uliofanya mengine yote yatishe.

Mkono wa Stendi uligoma kwa sekunde kumi na moja. Kisha ukakumbuka miguu, ukageuka, ukaipiga.

"Shuka," alisema mama mdogo, taratibu.

Bubu na Stendi walimshusha. Mama mdogo alifagia vioo mwenyewe, hakutaka msaada. Akafungua mlango.

"Wewe binti, na wewe usiyesema, siku yoyote karibuni. Huyu," alisema bila kumtazama, "kamera ikiwa mkononi mwake, asinikanyagie mlango tena. Saa nane imefika."

*

Jumatatu kamera ilirudi stoo, na saa hiyohiyo ikachukuliwa na kundi jingine. Jumanne mchana walikaa kwenye chumba cha kuhariri, ambacho kilikuwa na kompyuta nne, tatu za kuning'iniza makoti. Onyesho lilikuwa Jumatano saa nne asubuhi.

Wakaitazama filamu kutoka mwanzo. Friji ikamwona kijana. Kiatu kikamwona kijana. Kitasa hakikumwona vizuri. Ikafika penyewe: "Mama, nimefaulu." Kioo kikaonyesha duara mbili, utosi wa Mtaalamu na kitambaa cha kichwa cha mama yake mdogo, kama vifuniko viwili vya sufuria vilivyosahauliwa mezani. Vikakaa hivyo kwa sekunde ishirini na sita. Filamu ikaisha.

Stendi alisikia maji yamefika shingoni. Kiti kilizunguka kichwani mwake, chekundu, bila nailoni.

Bubu alivua hedifoni. "Uso uko wapi?" alisema. Maneno matatu. Hali ilikuwa mbaya.

"Uso umo," alisema Mtaalamu. "Uko ndani ya utosi. Mtazamaji anaujenga mwenyewe."

"Mtazamaji ni Mwalimu Kata," alisema Stendi. "Atajenga jeneza letu." Akageuza kiti chake wakatazamana. "Sikiliza. Nakiri. Hakuna kitu kinaitwa picha ya mjusi. Nilikutania. Nilikitunga pale mezani, muulize Bubu."

Bubu akatikisa kichwa kukubali.

Mtaalamu alimtazama kwa huruma kubwa. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyezoea kuonewa wivu.

"Dada, dada. Usijitwalie sifa za watu. Wewe uliisikia mahali ukasahau. Mimi niliisoma."

"Uliisoma wapi?"

"Vitabu vingi. Siwezi kukumbuka kila kimoja."

Akatoka kwenda kunywa chai. Na ukweli ni kwamba Stendi hakuwa na hasira naye hata. Alijionea haya. Alikuwa amemvika mwenzake kilemba cha ukoka, na sasa wote watatu walikuwa chini ya kilemba kimoja, na ukoka unanyauka.

Simu ikaita. Mama.

"Nimekusikia kimya, mwanangu. Mtihani?"

"Kesho."

"Haya. Nimekiondolea nailoni leo kipate hewa kidogo. Sio kwamba nina haraka."

Alipokata simu alikuwa hana nguvu hata ya kulia. Akatafuta kitu cha kumchekesha. Akaikumbuka ile rekodi aliyoiandika jina "miguu", akaifungua, akaegemea akisubiri miguu ya Mtaalamu ianze kutafuta ardhi.

Kabla ya miguu, ukatokea uso.

Aliutazama mpaka ukapita. Akaurudisha. Akautazama tena. Mama mdogo amekaa kochini, kitambaa kilekile, hereni zilezile, mwanga wa dirishani uleule. Macho ameinua juu, kwa sababu mjinga wake alikuwa juu ya kabati. Na kwenye hadithi mama amekaa, mtoto amesimama mbele yake: atamtazama wapi kama si juu?

Akakata sekunde kumi na moja. Akaziweka baada ya mstari. "Mama, nimefaulu." Uso.

Bubu alisogea, akaifuta ile sauti ya "niko vizuri, Mama mdogo", akaweka mahali pake ukimya wa sebule ile ile, na ndani ya ukimya saa ya ukutani, tiki, tiki. Wakaicheza tena. Stendi akaihifadhi haraka.

Mtaalamu aliporudi na kikombe chake aliitazama mara moja, akakunja uso.

"Hii nini? Hii si picha yangu. Ya kawaida mno. Mtu anakaa, anatazama. Iko wapi pembe?"

Kubishana naye kungewafikisha asubuhi. Stendi akavuta pumzi, akamwomba Mungu msamaha mapema.

"Hujaitambua?" alisema. "Hii ndiyo picha pacha ya mjusi. Kwanza mjusi anamtazama mtu. Halafu mtu anamtazama mjusi. Bila hii ya pili, ile ya kwanza inabaki nusu. Hii hujaisoma?"

Na safari hii, ukifikiria vizuri, hakusema uongo hata neno moja.

Mtaalamu aliweka kikombe chini. Akaunda dirisha la vidole, akafumba jicho, akautazama uso wa mama yake mdogo humo. Hakujitambua kama ndiye anayetazamwa.

"Aa," alisema. "Ndiyo. Niliisoma. Iache."

*

Ukumbi ulijaa. Wazazi walialikwa, na mama mdogo alikuja amevaa gauni alilojishonea, akakaa safu ya nyuma, mkoba mapajani. Mwalimu Kata alikaa mbele na kalamu na karatasi.

Friji ilipofunguka watu walicheka, na haikuwa sehemu ya kucheka. Kiatu kikapokelewa kwa minong'ono. Wakati wa kitasa mtu mmoja aliuliza kwa sauti kama mashine imeharibika. Kalamu ya Mwalimu Kata ilikuwa inakimbia, na Stendi, aliyekaa pembeni, alihesabu mistari anayoandika mpaka akaacha kuhesabu. Mjusi akaja. Vifuniko viwili vya sufuria. Mwalimu Kata akaanza kukunja karatasi.

"Mama, nimefaulu."

Ukatokea uso.

Ukumbi ukanyamaza kama uliofunikwa na blanketi. Tiki. Tiki. Mahali fulani mwanamke mmoja alisema, "Ee Mungu wangu," kwa sauti ya chini, sauti ya mtu mwenye watoto. Sekunde kumi na moja zikaisha, kioo kikawa cheusi, na kalamu ya Mwalimu Kata ilikuwa imesimama hewani.

"Huo uso," alisema, taa zilipowaka. "Nani aliuchagua?"

"Mimi," alisema Mtaalamu, ameshasimama tayari, skafu begani.

"Ulimwambia nini mwigizaji wako hapo?"

"Nilimwambia achote, Mwalimu. Achote kutoka kwenye kisima cha ndani. Nilifanya naye kazi muda mrefu sana kwenye…"

"Muongo!"

Ilitoka safu ya nyuma. Shingo zote ziligeuka. Mama mdogo alikuwa amesimama na mkoba wake.

"Samahani, Mwalimu, mimi ni fundi cherehani, haya mambo yenu siyajui. Lakini huyu hakuniambia kisima wala ndoo. Alikuwa juu ya kabati langu la vyombo, amekwama kama nguo iliyoanikwa vibaya, glasi zangu zinavunjika moja moja, ananiambia eti kila kitu kiko sawa. Nikamtazama. Ndiyo hivyo mlivyoona."

Watu walikufa kwa kicheko. Wengine walishika viti. Mtaalamu alibaki amesimama, ameinua kidole, anasubiri kelele ziishe aendelee kueleza kisima.

"Kata!" alisema Mwalimu Kata, na zikaisha. "Kamera aliishika nani?"

Stendi alisimama.

"Ulikuwa unafanya nini?"

Angeweza kusema mengi. Alikuwa na maneno ya kutosha, maana maneno yalikuwa ndiyo fani yake, na kwa maneno yake walikuwa wamefika pale.

"Nilitaka kupiga miguu yake, Mwalimu. Nipate cha kucheka."

"Mbona hukuipiga?"

"Niliipiga baadaye. Kwanza niliona uso."

"Halafu?"

"Sikuweza kuuacha."

Mwalimu Kata akaifungua karatasi aliyoikunja, akainyoosha kwa kiganja, akaandika kitu.

"Na huyo mjusi darini? Wa nani?"

Mtaalamu alivuta hewa ya kujibu. Stendi akamuwahi.

"Wangu. Huo nao ulikuwa utani: nilimtania mwenzangu, akauamini, nikaona utamu nikamwacha. Kosa ni langu."

"Si kweli," alisema Mtaalamu kwa uchungu. "Mjusi ni wangu. Niliisoma."

"Unamtaka?" aliuliza Mwalimu Kata.

"Naam."

"Umepewa," alisema, akaandika tena.

Majibu yalibandikwa saa tisa kwenye mlango wa stoo. Filamu ilikubaliwa. Bubu alipata sitini kwa kuchagua ukimya. Stendi alipata hamsini na tatu, kupita ni hamsini, na pembeni palikuwa na mwandiko wa haraka: *Uso, hongera. Utani wako nimeukata maksi kumi.* Mtaalamu alipata thelathini na nane, moja kwa kila picha ya kwenye daftari na sifuri kwa mjusi, na alimwambia kila aliyepita kwamba chuo bado hakijafika huko.

Stendi alisogea kwenye ukumbi mrefu wa madarasa, mahali penye mtandao, akapiga simu nyumbani. Mbele kidogo Mtaalamu alikuwa amesimama katikati ya wanafunzi wanne wa mwaka wa kwanza. Kidole chake kilielekea darini. Wote wanne walikuwa wameinua vichwa, na mmoja alikuwa anaandika bila kutazama karatasi.

"Mama," alisema Stendi. "Nimefaulu."

Upande wa pili kukawa kimya. Kimya kirefu. Stendi alisikia saa ya saluni ikigonga, maji yakichuruzika kwenye beseni la kuoshea nywele, na mama yake akipumua. Akajua kabisa, bila kuuona, ni uso gani uko pale.

"Ni kweli, Mama. Majibu yamebandikwa mlangoni. Nakupigia picha, nakutumia sasa hivi."

"Ipige kwa karibu," alisema mama yake. "Jina lionekane."